Kasi Haitangulii Kuzeeka: Funzo la Poco F1 na Poco X3 Pro

Wafuatiliaji wa simu janja hawajausahau mwezi wa Agosti 2018. Tarehe 9 Samsung ilitangaza Galaxy Note 9 kwa bei iliyokaribia dola 1,000, na mwaka mmoja kabla ya hapo Apple ilikuwa imeshafika huko kwa iPhone X. Watu walikuwa wameanza kukubali kwamba anayetaka prosesa ya daraja la juu sharti alipe bei ya daraja la juu. Kisha tarehe 22 ya mwezi huohuo, jijini New Delhi, Xiaomi ikazindua simu yenye jina geni, Poco F1, kwa rupia 20,999, kama dola 300 za wakati ule. Ndani yake mlikuwa na Snapdragon 845, chipu ileile iliyokuwa ndani ya Note 9 zilizouzwa Marekani. Machi 22, 2021, ikaja simu nyingine ya Poco ya mtindo huo, Poco X3 Pro, iliyoanzia yuro 249 huko Ulaya ikiwa na Snapdragon 860. Kwa sisi tuliozoea kuhesabu mara mbili kabla ya kununua simu, matoleo haya mawili yalikuwa habari kubwa. Leo zote mbili ni simu za zamani, zinauzwa mtumba, na bado watu wanaulizana ipi ni bora. Nimezifuatilia kwa miaka hii yote, na ninalotaka kulisema ni hili: katika simu yenye nguvu iliyouzwa kwa bei nafuu, nguvu ndiyo inayodumu. Vinavyotangulia kuchakaa ni vile vilivyobanwa ili nguvu hiyo iuzwe rahisi. Kwa hiyo anayelinganisha simu mbili za zamani kwa kuuliza ipi ina kasi zaidi ameanza na swali lenye uzito mdogo kuliko mengine yote.

Tuanze na hiyo kasi yenyewe, maana ndiyo iliyoziuza simu hizi. Snapdragon 845 ilitengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 10 na ina viini vinane: vinne vikubwa vinavyofika gigahezi 2.8, na vinne vidogo vya kazi nyepesi. Snapdragon 860 ni ya nanomita 7, na kiini chake kikuu kinafika gigahezi 2.96. Mtu akisikia kwamba simu hizi zimepishana zaidi ya miaka miwili na nusu, hudhani chipu zake nazo zimepishana hivyo. Sivyo ilivyo. Snapdragon 860 kimsingi ni Snapdragon 855 Plus ya mwaka 2019 iliyopewa jina jipya, na 855 ya kwanza ilitangazwa Desemba 2018, miezi minne tu baada ya Poco F1 kuingia sokoni. Chipu ya juu kabisa ya Qualcomm wakati X3 Pro inatoka ilikuwa Snapdragon 888. Maana yake ni kwamba kati ya simu hizi mbili kuna kizazi kimoja tu cha prosesa, na X3 Pro ilizaliwa ikiwa tayari imebeba chipu ya zamani. Hata hivyo wanunuzi hawakudhulumiwa kwa hilo. Chipu iliyokuwa ya juu mwaka 2019 ilizipita kwa mbali chipu nyingi za bei ya kati za mwaka 2021, na huo ndio ushahidi wangu wa kwanza: prosesa nzuri huishi miaka mingi kuliko tangazo lake. Kufungua WhatsApp, kupiga simu za video, kutafuta njia kwenye ramani, kutazama filamu, hata kucheza michezo mizito kwa mipangilio ya wastani, yote haya bado yako ndani ya uwezo wa 845, sembuse 860.

Ikiwa kasi haikupunguzwa, bei ilishushwaje? Sehemu ya jibu ni sera ya kampuni. Aprili 2018 Xiaomi iliahidi hadharani kwamba faida yake halisi kwenye vifaa haitavuka asilimia 5. Kampuni inayobana faida ya kifaa hutafuta fedha kwingine, na moja ya njia hizo ilikuwa matangazo yaliyowekwa ndani ya programu za mfumo wake wa MIUI, jambo lililowakera watumiaji wengi. Sehemu nyingine ya jibu iko kwenye simu yenyewe. Mgongo wa Poco F1 ni wa plastiki, kioo chake ni cha LCD kinachoonyesha picha 60 kwa sekunde, haina NFC ya kulipia kwa kugusisha simu kwenye mashine, na ilipotoka haikuwa na kibali cha Widevine L1 kinachoruhusu filamu za Netflix kuonekana kwa ung'avu wa juu. Kibali hicho kilikuja baadaye kwa sasisho. X3 Pro iliongeza kioo cha picha 120 kwa sekunde, NFC na betri ya mAh 5,160 badala ya 4,000, lakini nayo ilibaki na mgongo wa plastiki, kioo cha LCD na mtandao wa 4G peke yake, wakati simu nyingi za daraja lake tayari zilikuwa na 5G.

Uzito wa kila kilichobanwa hutegemea mtu anaishi wapi, na hapa ndipo ulinganisho wa wakaguzi wa Ulaya unapoweza kumpotosha msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa. Kwa mkazi wa London, simu isiyo na NFC ina pengo la kweli, maana hapo nauli ya basi na bei ya kahawa hulipwa kwa kugusisha simu. Kwetu sisi fedha za simu zilianza na M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, zikapita kwenye menyu ya kubonyeza nyota na reli, na hazijawahi kuihitaji NFC. Kwa upande mwingine, kuna jambo ambalo mkaguzi wa Ulaya hulipitia haraka na kwetu ni zito: kijaluba cha laini. Simu zote mbili zina kijaluba chenye nafasi mbili, ambapo nafasi ya pili inabeba ama laini ya pili ama memori kadi, si vyote viwili. Wengi wetu tunatembea na laini mbili, moja kwa ajili ya bando nafuu na nyingine kwa ajili ya fedha na namba inayojulikana na ndugu. Mtu wa namna hiyo akinunua Poco F1 ya GB 64, hana pa kuweka memori kadi, na ukiondoa nafasi inayoliwa na mfumo, picha na video za makundi ya WhatsApp zitaijaza upesi. X3 Pro inaanzia GB 128. Kwa matumizi yetu tofauti hiyo inaonekana kila siku kuliko tofauti ya gigahezi.

Kamera ya Poco F1 inatoa somo kubwa zaidi kuhusu nini hasa huifanya simu kuwa nzuri. Kihisi chake kikuu ni Sony IMX363 cha megapikseli 12. Kihisi hichohicho Google ilikitumia kwenye Pixel 3 ya mwaka 2018, ikaendelea nacho katika Pixel 4a na Pixel 5 za mwaka 2020. Pixel zilisifiwa dunia nzima kwa picha zake, hasa za usiku. Poco F1 ilisemwa kuwa na kamera ya kawaida tu. Lenzi na chipu za kuchakata picha zina mchango wake, lakini tofauti kubwa ilitokana na kazi ya wahandisi waliokaa wakaandika programu ya kuunganisha picha nyingi kuwa moja iliyo safi. Watumiaji wa Poco F1 walilithibitisha hilo wenyewe walipoanza kuweka matoleo ya kamera ya Google yaliyorekebishwa kwa simu yao, na picha zikaboreka bila kubadilisha hata skrubu moja. Kwa maneno mengine, kifaa kilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni uangalizi. Na uangalizi hugharimu fedha kila mwaka, wakati chipu hulipiwa mara moja tu kiwandani.

Hoja hiyo ya uangalizi ndiyo inayoamua umri wa simu. Poco F1 ilitoka na Android 8.1 na mtengenezaji akaifikisha Android 10, basi. X3 Pro ilitoka na Android 11 ikafikishwa Android 13. Ukitazama haraka utasema hayo ni matoleo mawili mbele kwa kila moja, hakuna iliyopendelewa. Lakini kinachomhusu mnunuzi wa leo ni pale simu ilipoishia. Mwaka 2025 kivinjari cha Chrome kiliacha kuhudumia Android 8 na 9, na toleo la 139 likaanza kudai Android 10 kwenda juu. Poco F1 yenye mfumo wake wa kiwandani sasa imesimama kwenye ngazi ya chini kabisa inayokubaliwa. Ngazi hiyo ikipanda tena, prosesa yake itakuwa bado ina nguvu ya kufungua ukurasa wowote, lakini haitapewa kivinjari kipya cha kuufungulia. Programu za benki nazo hufuata njia hiyohiyo, zikipandisha toleo la chini zinalolikubali mwaka baada ya mwaka. Zaidi ya hapo, simu isiyopata masasisho ya usalama inabaki na matundu ambayo wahalifu wameshayajua. Katika nchi ambako simu ndiyo pochi, ndiyo akaunti ya benki na ndiyo rejesta ya duka, hilo ni jambo la kuogopwa kweli. X3 Pro nayo imeshaachwa na mtengenezaji, lakini imeachwa ngazi tatu juu zaidi, na ngazi hizo tatu ni miaka ya uhai.

Baada ya mfumo inakuja betri na bodi. Betri ya lithiamu huchoka kwa kemia yake. Baada ya kuchajiwa mizunguko mia kadhaa, uwezo wake hushuka, na simu ya mwaka 2018 ambayo haijawahi kubadilishiwa betri haiwezi kukaa siku nzima hata ikisifiwa vipi. Kwenye Poco F1 betri inayotafutwa ni yenye namba BM4E, kwenye X3 Pro ni BN57, na mnunuzi akizijua namba hizo anaweza kumwuliza fundi kabla hajalipia simu. Hapa X3 Pro ina faida, kwa sababu inashabihiana sana na Poco X3 NFC ya mwaka 2020, simu iliyouzwa kwa wingi, na spea kama kioo na betri hutengenezwa kwa ajili ya zote mbili. Lakini X3 Pro ina doa lake, na ni kubwa. Miaka iliyofuata baada ya kutoka, wamiliki wengi, hasa India, walilalamika hadharani kwamba simu zao zilizima ghafla, zikawa zinajiwasha na kujizima bila kukoma, au zikakataa kuwaka kabisa, na lawama zikaangukia bodi. Kubadilisha bodi ya simu iliyopitwa na udhamini kunaweza kukaribia bei ya simu yenyewe. Hiyo 860 inayosifiwa haina faida yoyote ndani ya simu iliyokufa bodi. Poco F1 ilikuwa na malalamiko yake pia, hasa ya kioo kukosea mguso, ila kioo kinabadilishwa na fundi wa kawaida.

Wapo watakaonipinga kwa kusema kwamba mjadala wote huu ni wa bure, kwa sababu fedha hizohizo zinanunua simu mpya ya bei ya chini yenye udhamini, betri mbichi na Android ya karibuni. Hoja hii ina nguvu na siipuuzi. Kwa mzazi ambaye anapiga simu, anapokea fedha na kutumiana sauti na wajukuu, simu mpya yenye udhamini ni chaguo salama kuliko mtumba wowote, na namshauri hivyo. Lakini tutazame nini kiko ndani ya simu nyingi mpya za bei ya chini. Hifadhi yake mara nyingi ni ya aina ya eMMC 5.1, ambayo kwa vipimo vya juu kabisa hupitisha megabaiti 400 kwa sekunde na haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. Poco F1 ina UFS 2.1 na X3 Pro ina UFS 3.1, zinazofanya yote mawili kwa pamoja na kwa kasi inayoizidi eMMC mara kadhaa. Hii ndiyo sababu simu mpya ya bei ya chini, yenye RAM ndogo, huanza kuganda baada ya mwaka mmoja wakati simu ya zamani yenye nguvu bado inafungua programu bila kusita. Kwa hiyo mwenye kupiga picha za bidhaa zake na kuzihariri, mwanafunzi anayesoma mafaili mazito, au kijana anayetengeneza video kwenye simu bado ana sababu nzuri ya kutafuta moja ya hizi mbili. Jibu langu kwa mpinzani huyo ni kwamba anachotetea hasa ni udhamini na uangalizi, na hapo tunakubaliana kabisa.

Wengine watasema kwamba habari ya masasisho nimeikuza, kwa kuwa simu hizi zina mifumo mbadala. Ni kweli, na ni sifa ya kipekee. Msimbo wa Poco F1 ulitolewa wazi mapema, simu ikawa kipenzi cha waandishi wa programu wa kujitolea, na simu zote mbili zimewahi kuwa na matoleo rasmi ya mfumo mbadala wa LineageOS yaliyozipeleka mbali kuliko mtengenezaji alivyozifikisha. Watu wa kujitolea wameongeza uhai wa simu hizi kuliko waliozitengeneza, na wanastahili shukrani. Lakini kuflashi mfumo si kazi ya kila mtu. Kwanza unaomba ruhusa ya kufungua kufuli la kiwandani na kusubiri siku kadhaa, kisha unahitaji kompyuta, kebo nzuri, bando la kupakua mafaili makubwa, na utulivu wa kufuata kila hatua, kwa sababu kosa moja laweza kuiacha simu haiwaki. Ukifaulu, bado programu za benki na baadhi ya programu za malipo zinaweza kukataa kufanya kazi kwenye simu iliyofunguliwa kufuli. Kwa fundi au mwanafunzi wa kompyuta, hilo ni zoezi zuri na Poco F1 ni darasa zuri. Kwa mfanyabiashara ambaye mauzo yake yote yanapita kwenye simu, ni hatari asiyoihitaji. Njia hii ipo, ila ni ya wachache, na hatuwezi kuihesabu kama sifa ya simu kwa mnunuzi wa kawaida.

Pingamizi la mwisho ni la wanaosema kwamba watengenezaji hawawezi kulaumiwa: ukitaka bei ya chini na nguvu, lazima ukubali miaka michache. Nami nakiri kwamba mwaka 2018 hoja hiyo ilikubalika karibu kila mahali. Lakini dunia imebadilika. Oktoba 2023 Google iliahidi masasisho ya miaka 7 kwa Pixel 8, na Januari 2024 Samsung ikaahidi hivyohivyo kwa Galaxy S24. Umoja wa Ulaya ukaenda mbali zaidi. Tangu Juni 20, 2025, simu janja mpya zinazoingizwa kwenye soko lake lazima betri zake zibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800, masasisho ya mfumo yaendelee kwa angalau miaka 5 baada ya modeli hiyo ya simu kuacha kuuzwa, na spea zipatikane kwa miaka 7. Sheria hiyo haigusi gigahezi. Inagusa betri, mfumo na spea, yaani mambo yaleyale yaliyoziangusha Poco F1 na X3 Pro wakati prosesa zao zingali imara. Ikiwa soko la Ulaya limeweza kudai hayo hata kwa simu za bei nafuu, hakuna sababu ya sisi, ambao simu moja hupita mikono mitatu kabla ya kutupwa, kuendelea kuuziwa kasi peke yake.

Sasa hukumu. Kwa bei zinazokaribiana na hali inayofanana, Poco X3 Pro ndiyo simu bora kwa mtumiaji wa kawaida, na sababu zake kwa mpangilio wa uzito ni mfumo wa karibuni zaidi, hifadhi kubwa, betri kubwa na spea zinazopatikana. Prosesa inakuja mwisho kwenye orodha hiyo. Sharti langu ni moja: bodi iwe nzima, na usikubali X3 Pro iliyowahi kufunguliwa bodi hata kama bei inavutia. Poco F1 naipendekeza kwa anayejua kuflashi, au anayeipata kwa bei ya chini sana na kuitumia kwa kazi isiyohusu fedha. Ukienda Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli jijini Nairobi kutafuta mojawapo ya simu hizi, bonyeza *#06# na uhakikishe namba ya IMEI inayotokea kwenye kioo inalingana na ile ya kwenye boksi. Ichaji mbele ya muuzaji, cheza video nzito kwa dakika 20 uone kama inazima au inapata joto kupita kiasi, izime na kuiwasha mara mbili, weka laini zako zote mbili, kisha fungua mipangilio usome toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Muuzaji atakueleza habari za Snapdragon na michezo. Msikilize, lakini fedha yako itoe kwa ajili ya bodi nzima, betri nzima na mfumo ambao benki yako bado inaukubali.